Mkono Usiondoke na Kosa

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mkufunzi mkuu wa mafunzo ya juu ya kuokoa uhai wa watoto atafunga mlango wa chumba namba kumi na saba, atakabidhi ufunguo, na kuhitimisha utumishi wa miaka thelathini na sita na miezi minne katika hospitali hii. Miaka kumi na minne ya kwanza aliitumikia wodi ya watoto. Ishirini na miwili iliyofuata, pamoja na miezi yake minne, aliitumia kuwafundisha wengine wafanye nini pale mtoto anapoacha kupumua. Waliopita mikononi mwake ni madaktari, wauguzi, matabibu na wataalamu wa usingizi elfu moja mia nane arobaini na wawili. Idadi hii tumeihakiki kwa madaftari yake, na tumekuta amekosea kwa mtu mmoja tu, ambaye habari zake zitafuata.

Desturi ya ukurasa huu ni furaha. Safari hii furaha haitatosha, na mstaafu wetu, ambaye hajawahi kuvumilia ripoti iliyopunguzwa chumvi wala iliyozidishwa, angekuwa wa kwanza kuurudisha wasifu huu mezani kwa mwandishi kama ungejaribu kuficha.

Jina lake limo katika kila cheti, chini kulia, kwa mwandiko ulionyooka kama mshono. Lakini ni wachache wanaolitumia. Kwetu sote yeye ni Bi Tena. Neno hilo alilitamka kwa sauti ileile kwa mwanafunzi wa uuguzi na kwa daktari bingwa, bila kukunja uso na bila kuomba radhi. Mshiriki akikandamiza kifua cha mdoli wa mazoezi kwa kina pungufu: tena. Akibinya mfuko wa hewa kabla kichwa hakijawekwa sawa: tena. Akitaja dozi kabla ya kutaja uzito wa mtoto: tena. Walioudhika, na hawakuwa haba, walidhani ni adhabu. Ilikuwa kanuni, na aliieleza mara moja tu kwa kila kundi, asubuhi ya siku ya kwanza: zoezi lililoharibika haliachwi mpaka lifanyike sawasawa walau mara moja, kwa sababu mkono ukiondoka na kosa, utarudi nalo.

Wasomaji walio katika idara za mbali na wodi wanastahili maelezo mafupi. Moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama wenyewe, ghafla. Wa mtoto kwa kawaida husimama kwa sababu pumzi imetangulia kukatika. Kwa hiyo katika mtoto kuna mlango mfinyu wa dakika chache ambamo hewa, ikiingizwa ipasavyo, inaweza kuyazuia mengine yote. Hewa hiyo huingizwa kwa barakoa iliyounganishwa na mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono, ambao wodini huitwa ambu. Barakoa sharti ilingane na uso. Ikiwa kubwa, hewa huvuja pembeni. Ikiwa ndogo, haifuniki pua na mdomo. Hili kila mmoja wetu analijua akiwa ameketi. Kazi ya Bi Tena ilikuwa kuhakikisha tunalijua tukiwa tumesimama, na mama wa mtoto akitutazama.

Alianza kufundisha kwa sababu ya asubuhi moja, na asubuhi hiyo aliisimulia kwa kila kundi bila kubadilisha neno. Mtoto wa miaka miwili, aliyelazwa kwa degedege, aliacha kupumua saa nne, wakati madaktari wakipita vitanda. Kando ya kitanda walikuwapo wahudumu kumi na mmoja. Akifika hapo alikuwa akisema: "Sote kumi na mmoja tulisema, mtu alete ambu. Haya, nambieni wanangu, huyo mtu ni nani? Kwenye orodha ya zamu hayumo." Washiriki walicheka, yeye hakucheka. Ambu ilikuwa kabatini. Mtoto yule hakurudi. "Na aliyekuwa karibu na kabati kuliko wote," alimalizia, "hatua moja na nusu, ni mimi."

Kwa hiyo katika chumba namba kumi na saba hakuna aliyeruhusiwa kumtuma "mtu". Kila agizo lilielekezwa kwa mwenye uso: wewe mwenye miwani, lete oksijeni. Mwenye miwani alipaswa kuitika, naleta oksijeni. Na akishaileta aseme, oksijeni hii hapa. Waliopita koridoni walidhani humo ndani kuna kwaya. Inasemekana tabibu mmoja aliyehitimu kwake alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Wewe mwenye shati jeupe, lete chumvi," naye akaitika, "Naleta chumvi," na tangu siku hiyo ndoa yao imenoga. Habari hii hatukuweza kuithibitisha. Tunaiandika kwa sababu hakuna aliyeikanusha.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka. Kina dirisha moja, rafu za mbao zilizobaki na namba za wodi zilizokwisha kufutika, meza mbili ndefu, na sinki lenye bomba ambalo kwa mwaka mzima lilidondosha maji. Katika mwaka huo Bi Tena aligundua jambo ambalo hakuna mwingine angeligundua: vikundi vilivyofanyia mazoezi upande wa kushoto, karibu na sinki, vilikandamiza kifua polepole kuliko vya kulia. Alichukua saa yake ya kuhesabia sekunde, akahesabu matone. Yalikuwa sabini na nne kwa dakika, nasi tunatakiwa kwenda kati ya mia moja na mia moja na ishirini. Barua aliyomwandikia fundi bomba bado iko katika faili la matengenezo, na ina sentensi moja: bomba la chumba namba kumi na saba linafundisha vibaya, tafadhali linyamazishwe. Fundi alifika siku hiyohiyo. Anasema katika maisha yake ya kazi ameitwa kwa mabomba yaliyovuja, yaliyoziba na yaliyopasuka, lakini bomba lenye utovu wa nidhamu alilikuta hapa.

Mdoli wa mafunzo, mwenye umbo la mtoto wa miezi minane, aliwasili miaka ishirini na miwili iliyopita akiwa na ngozi ya mpira ambayo haikumaliza msimu wa pili. Kwa kuwa ngozi nyingine haikupatikana, Bi Tena alimpeleka nyumbani kwa mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Mzee yule alimshonea kifua kipya cha turubai laini, akakitia bitana, na kuanzia hapo akawa anamtengeneza kila baada ya miezi michache. Ndiye aliyempa mdoli jina la Mjukuu. Alizoea kulalamika kwa majirani kwamba ana mjukuu mmoja tu duniani, hali chakula, halii, hasemi shikamoo, lakini kwa kuchana nguo hana mpinzani. Kifua anachokandamizwa leo ni cha kumi na tisa.

Sasa yule mtu mmoja. Katika mwaka wa sita wa mafunzo, daktari bingwa wa upasuaji, mwenye umbo la kujaza mlango na heshima ya kuujaza mara mbili, alikuja kuhudhuria. Alikandamiza kwa viganja vyote viwili pale ambapo kwa mtoto mdogo hutumika vidole gumba viwili. Aliambiwa tena. Alirudia vilevile, akaambiwa tena. Mara ya tatu aliuliza kama muuguzi anajua anazungumza na nani. Bi Tena alimjibu kwa utaratibu kwamba anajua vizuri, daktari, tatizo ni kwamba mtoto hajui. Bingwa alivaa koti lake, akaondoka. Mwaka uliofuata alirudi, akajiandikisha kwa jina lake la nyumbani bila cheo, akakaa safu ya mbele, na akarudia zoezi lile mara tisa bila kuinua macho. Bi Tena hakumwandika tena daftarini, kwa hoja kwamba alikwisha kuandikwa mwaka uliotangulia, na aliyeondoka kabla ya mwisho alikuwa hajaondoka, alikuwa amekawia. Lakini jina la mwaka uliotangulia alikuwa amelikata. Hesabu sahihi, basi, ni elfu moja mia nane arobaini na watatu.

Nje ya kazi hakuacha kazi. Binti yake ametusimulia kwamba mama akipelekwa kumwona mtoto mchanga wa jirani, humtazama kifuani kwanza, akitikisa midomo kwa dakika nzima, ndipo humgeukia mzazi na kusema hongera mwanangu. Jirani mmoja alidhani anamsomea mtoto dua, akafurahi sana. Binti hakumsahihisha, akisema kwamba hata hivyo hakuona tofauti kubwa.

Hayo ndiyo mema, na yangetosha kuujaza ukurasa. Yanayofuata ni ya upande wetu.

Miaka tisa iliyopita Bi Tena alifika mbele ya kamati ya mafunzo akiwa na daftari la jalada jeusi. Kwa miaka kadhaa alikuwa amewafuata wahitimu wake wodini, bila kuwataarifu, na kuwapima upya kwa zoezi lilelile. Matokeo aliyapanga kwa safu. Katika kila kumi waliofaulu siku ya cheti, baada ya miezi mitatu saba walifaulu tena. Baada ya miezi sita, wanne. Baada ya mwaka, wawili. Cheti chetu hudumu miaka miwili. Hoja yake haikuwa na pambo: cheti kinakaa ukutani, ujuzi unakaa mkononi, na mkono husahau upesi kuliko ukuta. Aliomba mambo mawili. La kwanza, kila Jumatatu saa nne asubuhi afanye zoezi la kushtukiza la robo saa katika wodi mojawapo, na kila mhudumu aguswe walau mara moja kwa miezi mitatu. La pili, apewe msaidizi wa kumrithi, ili amlee kwa miaka miwili kabla ya kustaafu kwake.

Kamati ilimsikiliza kwa heshima. Ilisemwa kwamba wodi zina msongamano. Ilisemwa kwamba mazoezi ya kushtukiza yatawashtua wagonjwa. Ilisemwa, na mtu mwenye elimu ya kutosha kujua zaidi, kwamba kama cheti ni halali basi ujuzi nao ni halali. Katika kumbukumbu za kikao kile imeandikwa: hoja imepokelewa na itaangaliwa kwa wakati wake. Aliileta tena mwaka uliofuata, na mwingine, jumla mara saba. Na mara zote saba sentensi ni ileile, kwa sababu katibu wa kamati aliinakili kutoka kikao kilichotangulia. Katibu huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu. Mtu aliyetufundisha kurudia jambo mpaka liwe sahihi aliturudia mara saba, nasi mara saba tulirudia kosa.

Hata hivyo ombi la kwanza alilitekeleza mwenyewe, bila ruhusa na bila katazo. Kila Jumatatu alimlaza Mjukuu katika kikapu, akamfunika shuka mpaka shingoni, akapita koridoni akiwasalimu watu. Waliokutana naye walijua. Wauguzi wa zamu walikuwa wakipeana ishara kwa nyusi, na msemo wa hapa kwetu kwamba "kikapu kimetoka" maana yake ni kwamba kila mmoja akague kabati lake haraka. Alipofika alimweka mdoli juu ya kitanda kitupu, akabonyeza saa, akasema maneno matatu: mtoto huyu hapumui. Alifanya hivyo kwa miaka tisa, peke yake, na wodi zikaizoea robo saa ile kama zinavyozoea jua kuingia dirishani. Kamati iliona mambo yanakwenda, ikahitimisha kwamba hakuna haja ya kuamua.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, ofisi ya utumishi ilimkumbusha kwamba amelimbikiza likizo nyingi mno na kwamba taratibu zinamtaka azimalize kabla ya kustaafu. Aliomba kuzigawa kidogo kidogo. Alijibiwa kwamba haiwezekani. Aliuliza nani atakayebeba kikapu. Alijibiwa kwamba atapatikana mtu.

Alikwenda likizo tarehe mosi Novemba, kwa miezi mitano. Mtu hakupatikana. Kikapu kilikaa juu ya rafu.

Jumanne moja ya mwezi Machi, saa tano asubuhi, katika wodi ya tatu, mtoto wa miezi minane aliyekuwa na nimonia kali aliacha kupumua. Walikuwapo wauguzi wawili na daktari mmoja, wote wenye vyeti halali. Hawakukawia kufika na hawakukosa kifaa. Muuguzi aliyesimama upande wa kichwa alichukua barakoa iliyokuwa juu kabisa katika droo, na ilikuwa ya mtoto wa umri wa shule. Hewa ilivuja, kifua hakikupanda. Ilipita dakika moja na sekunde arobaini kabla ya barakoa kubadilishwa. Baada ya hapo kila jambo lilifanyika kwa usahihi. Moyo ulirudi. Mtoto alifariki siku ya pili.

Hatujui kama sekunde mia moja zile ndizo zilizoamua. Ugonjwa ulikuwa mzito, na waliouchunguza mkasa huu hawakuafikiana. Tunajua tu kwamba zilikuwa mali ya mtoto, nasi ndio tuliozitumia. Mama yake alielezwa yote, bila kufichwa hata moja, na ameridhia habari hii iandikwe hapa pasipo jina. Sharti lake lilikuwa kwamba isiandikwe kwa upole.

Methali inasema majuto ni mjukuu. Wetu tulikuwa naye ndani ya nyumba muda wote, amelazwa rafuni, amefunikwa shuka.

Muuguzi yule, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ndiye aliyeandika katika ripoti kwamba barakoa aliichagua yeye. Wenzake walimnong'oneza kwamba hakuna aliyeona na kwamba shauri lingekwisha kimyakimya. Aliandika hivyohivyo. Bi Tena aliporejea kazini siku ya kwanza ya Aprili, alimkuta amesimama mlangoni pa chumba namba kumi na saba, haingii wala haondoki. Mwandishi alikuwa ndani, akihesabu barakoa kwa ajili ya uchunguzi, na mazungumzo yaliyofuata yanaandikwa kwa idhini ya wote wawili.

"Ingia, mwanangu. Ilikuwa ya ukubwa gani?"

"Ya mtoto wa shule, mama."

"Ulijua lini?"

"Kifua kilipokataa kupanda. Mara ya pili hivi."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Nilisema hii haikai. Nilisema kwa sauti, mama. Nikadhani mtu ataniletea nyingine."

Bi Tena aliweka mkoba wake juu ya meza. Alimtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, na kwa kweli si kwa huruma pia, bali kama mtu anayemtambua ndugu katika umati.

"Basi tuko wawili," alisema. Kisha akakishusha kikapu. "Haya. Tena."

Walifanya zoezi lile mara kumi na nne. Kumi na tatu kati ya hizo zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mwandishi aliyaona hayo, na hakuelewa kwa nini mwalimu anaendelea kusema tena pasipo na kosa. Alielewa baadaye. Mwalimu hakuwa akiusahihisha mkono. Alikuwa akiukabidhi.

Mwezi wa Mei muuguzi yule aliomba nafasi ya mkufunzi. Hakuna mwingine aliyeomba. Kamati ilisita kwa sababu ambayo si ya kipuuzi: inawezekanaje aliyekosea pale ndiye awafundishe wengine palepale? Bi Tena hakuitwa kujieleza, alituma karatasi. "Wengine wote mlio nao wanajua kwamba kosa linawezekana. Huyu anajua linavyoanza." Tarehe 11 Juni kamati ilipitisha maombi yote mawili, ya miaka tisa: zoezi la kila Jumatatu ni agizo rasmi la hospitali, na mrithi ameteuliwa. Katika kumbukumbu za kikao hicho katibu hakunakili kitu.

Aliomba miaka miwili ya kumlea mrithi. Tumempa siku kumi na tisa. Inafaa sentensi hiyo isomwe na kila mwenye kiti katika kamati yoyote ya hospitali hii, na isisomwe haraka. Kuna mambo aliyoyajua ambayo hayamo katika daftari jeusi wala katika mengine: namna ya kusikia kwa sikio kwamba barakoa inavuja kabla jicho halijaona, namna ya kutambua, katika watu wanane, ni yupi atakayeganda, namna ya kusema tena kwa mtu anayelia, na mtu huyo asivunjike. Kwa haya siku kumi na tisa hazitoshi, na hatutajifanya kwamba zinatosha. Sehemu ya ujuzi huo itaondoka pamoja naye kwenye lango saa tisa na nusu, na waliofanya iondoke ni sisi.

Jumatatu iliyopita mrithi aliongoza zoezi lake la kwanza, katika wodi ya tatu, kwa chaguo lake mwenyewe. Alimlaza Mjukuu juu ya kitanda kilekile cha yule mtoto wa mwezi Machi. Miongoni mwa walioitwa kushiriki alikuwapo Bi Tena, kwa kuwa agizo jipya linamhusu kila mhudumu na yeye bado ni mhudumu. Alipangiwa kukandamiza kifua. Vidole gumba vyake vimekula chumvi nyingi. Viungo vimevimba miaka ya karibuni, jambo ambalo alilificha na ambalo sote tulijifanya hatulioni. Alikandamiza kwa mdundo usio na dosari, lakini kwa kina pungufu. Wodi nzima iliona. Muuguzi mkuu aliangalia dari. Daktari wa zamu alijishughulisha na kalamu yake. Ile saa ya kuhesabia sekunde ilisikika.

"Tena, mama," alisema mrithi.

Bi Tena aliinua uso. Wanaomfahamu wanasema ni mara ya kwanza kumwona akitabasamu akiwa kazini, ingawa mwandishi, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, hawezi kuapa. Alibadilisha mkao, akainama kutoka kiunoni ili uzito ufanye kazi ambayo vidole vimeikataa, akakandamiza tena, na kina kikawa kamili. Ndipo alipoondoa mikono.

Tunamshukuru mumewe, fundi wa vifua kumi na tisa, ambaye ameahidi kumfundisha mkewe kukata kitambaa na ameapa kwamba mshono ukipinda utafumuliwa mpaka mkono usiondoke na kosa. Miaka yote amengoja zamu yake ya kusema lile neno. Tunamshukuru binti, aliyemgawana mama na watoto wa watu. Tunawashukuru wale elfu moja mia nane arobaini na watatu waliokubali kurudia.

Na wewe, Bi Tena, tunakushukuru kwa yale uliyotufundisha, na tunakuomba radhi kwa yale uliyotuambia. Tunakutakia siku ndefu zisizopimwa kwa sekunde, viungo visivyouma, na watoto wa jirani wenye pumzi za kutosha, hata ukiwatazama bila kuhesabu. Jumatatu ijayo, saa nne kamili asubuhi, katika wodi ambayo hatutaitaja, Mjukuu ataacha kupumua. Usije. Yupo aliyepangiwa kuleta ambu, na jina lake limo katika orodha ya zamu. Tukikosea, neno la kuambiana tunalo.